Kabla ya kufyeka mafunjo, soma mare yako

Sezoni B ikiisha na maharagwe yakishatoka kwenye vilima vya Kabare na Walungu, wamama wanashuka na majembe mu mabonde. Njo sezoni C inaanza: kutoka mwezi wa sita mpaka wa tisa, wakati kilima kimekauka na bonde bado liko na unyevu. Mashu, lengalenga, karoti na vitunguu tunavyonunua hapa Nguba mwezi wa nane, sawa na vile vya soko la Kadutu na la Nyawera, vingi vinatoka mu mare. Neno hilo tumelichukua kwa Kifaransa, lakini kila mkulima wa hapa analitumia: ni bonde lenye maji ya kudumu, penye mafunjo, matete na ndago.

Mwaka huu koperative kadhaa zimetuletea ombi moja. Wanachama wameongezeka, udongo wa kilima umechoka, migomba imepigwa na mnyauko, na bei ya mboga mu muji iko juu. Basi wanataka jembe, kamba na mtu wa kupima ili wachimbe mitaro mpaka kwenye mto, wafyeke mafunjo yote na kugawa udongo kwa familia mpya. Ombi hilo lina haki. Lakini jibu letu ni nusu ndiyo, nusu hapana, na tunataka kueleza juu ya nini, maana kwa miaka mingi wakulima wameambiwa "chungeni mazingira" bila mtu kuwaonyesha hasara na faida iko wapi.

Mimea inapima maji

Anza kwa kutembea. Shuka kutoka kilimani mpaka kwenye mto, polepole, ukiangalia majani. Utaona mimea haikuota ovyo. Kila moja imechagua mahali kwa kuangalia kitu kimoja: miguu yake inakaa ndani ya maji kwa muda gani.

Juu, pembeni ya bonde, kuna sangari na nyasi za malisho. Hapo maji yanafika wakati wa mvua kubwa tu, kisha yanaondoka. Ukishuka kidogo unapata nyasi laini zenye makali pembeni ya majani, ambazo ng'ombe wanazifuata mwezi wa saba, pamoja na majani yenye maua madogo ya rangi ya waridi yanayopenda tope. Hapo udongo unalowa miezi kadhaa. Kisha zinaanza ndago, zile zenye shina la pembe tatu. Ukizungusha shina mu vidole, unasikia zile kona. Ndago za majani mapana zikiwa nyingi, jua maji yako karibu sana na uso wa udongo, hata kama leo unatembea bila kuloa.

Halafu yanakuja mafunjo. Yanaweza kupita mita 4 kwenda juu, na chini yake kuna vigogo vinene vilivyolala na kusukana sawa na mkeka. Ukisimama juu yake, ardhi inatikisika. Mahali pengine mkeka huo unaelea kabisa, na chini ni maji matupu. Kwenye kingo, maji yanapotembea kwa nguvu na mchanga unaposogea, mafunjo yanaacha nafasi kwa matete, maana matete yana mizizi mirefu inayoshika kingo. Na mahali ambapo maji yamesimama, yameshiba mbolea na tope la mashamba, utaona ile mimea yenye kichwa cha kahawia kinachofanana na soseji, ambayo wataalamu wanaiita tifa. Tifa ikianza kuenea mahali palipokuwa na mafunjo, kuna kitu kimebadilika huko juu: mbolea nyingi, udongo unaoshuka, au mtaro uliokata maji.

Tena kuna urefu wa milima. Mafunjo hayapendi baridi. Ukipanda kuelekea mabonde ya juu, mpaka mare ya Musisi ndani ya Parki ya Kahuzi-Biega, mafunjo yanapotea na ndago za majani mapana zinashika nafasi yake. Kwa hiyo koperative ya juu isishangae ikikosa mafunjo. Ndago hizo zinafanya kazi ileile, ila zinakua polepole zaidi baada ya kukatwa.

Kusoma huko hakuhitaji mashine. Sehemu ya sangari na nyasi laini: lima, utapata mazao. Sehemu ya ndago: lima kwa mitaro mifupi na matuta. Sehemu ya mafunjo na matete: hapo njo tunasema tusimame.

Kazi inayofanywa na mafunjo

Mkulima mmoja anaweza kusema, sawa, lakini mafunjo hatuyali. Kweli. Lakini mashu yako ya mwezi wa nane yanakunywa maji yaliyohifadhiwa na mafunjo ya mwezi wa nne.

Mvua ikinyesha juu, maji yanashuka kwa haraka, mekundu, yamebeba udongo. Yakifika mu mafunjo yanakutana na maelfu ya mashina na ule mkeka wa mizizi. Yanapunguza mwendo, yanaweka tope chini, yanaingia mu udongo mweusi. Udongo huo ni majani ya miaka mingi sana yaliyokufa bila kuoza vizuri, kwa sababu chini ya maji hakuna hewa. Unashika maji sawa na sponji, na wakati wa kiangazi unayaachia kidogo kidogo. Ukichimba mtaro wa kina mpaka kwenye mto, sponji inakauka. Hewa inaingia, udongo mweusi unaanza kuoza na kushuka, na baada ya sezoni chache shamba linakuwa chini kuliko zamani. Mahali pengine unakuwa mkali kwa mimea, hata maharagwe yanageuka manjano. Ukikauka sana haunywi tena maji: unamwaga, yanateleza juu. Na ukiwashwa moto, unaungua chini kwa chini majuma mengi, huku juu unaona moshi tu.

Mwaka wa kwanza baada ya kukausha mare, mavuno ni mazuri sana. Njo inayodanganya watu. Udongo mweusi unaachia chakula chote kwa pamoja, sawa na mtu anayekula akiba ya mbegu.

Sisi tunaokaa Nguba tunaona mwisho wa safari ya maji hayo. Mvua kubwa ikipiga, mito ya muji kama Kawa na Wesha inaingia mu Ziwa Kivu ikiwa imebeba udongo na plastiki. Hatua chache kutoka hapa, ziwa linaachia Ruzizi, na uchafu huo unakwenda kukwama kwenye barrage ya Ruzizi I, mashine zinazimwa, na muji unakaa gizani. Zamani vighuba vya ziwa vilikuwa na ukanda wa matete. Leo sehemu kubwa ni ukuta wa mawe na nyumba. Ambapo matete bado yako, chupa na tope vinasimama hapo kwanza. Hatusemi matete yangeokoa barrage. Tunasema tu kwamba tulipoyaondoa hatukuweka kitu kingine.

Kuna swali lingine tunaloulizwa kila mara: mafunjo si njo yanaleta malaria? Uganda, mu milima ya Kabale, watafiti walipima jambo hilo mwishoni mwa miaka ya 1990. Walilinganisha vijiji vilivyo kando ya mare ya mafunjo na vijiji vilivyo kando ya mare iliyolimwa. Joto lilikuwa juu zaidi pale palipolimwa, na hatari ya malaria ilielekea upande huohuo. Mbu wanaoleta malaria wanapenda vidimbwi vidogo vinavyopigwa na jua, sawa na vile vya mitaro iliyoziba na mashimo ya matofali. Chini ya mafunjo kuna kivuli na maji ya baridi. Anayetaka kupunguza mbu aanze na mashimo ya matofali.

Majirani zetu wa Rugezi

Mare ya Rugezi iko kaskazini mwa Rwanda, kwenye mita kama 2,050 za urefu, na eneo lake linapita hektari 6,700. Maji yake yanashukia ziwa Burera, kisha yanazungusha mashine za umeme za Ntaruka. Watu waliingia kulima, mitaro ikachimbwa, vilima vya pembeni vikamomonyoka, mvua nazo zikapungua, na wakati huohuo mashine zilikuwa zinavuta maji mengi kuliko yanayoingia. Ziwa likashuka. Kufikia 2004 Rwanda ilikuwa mu shida kubwa ya umeme, ikawasha jenereta za mazutu kwa bei inayouma.

Serikali ikafunga mare. Ikaondoa mashamba, ikasukuma matuta kwenye vilima na majani ya kushika udongo. Mwishoni mwa 2005 Rugezi ikaandikwa kwenye orodha ya kimataifa ya Ramsar, maji yakarudi, na ndege wa pekee wa mare za milimani wakabaki na kwao. Huko sheria ilikuja kuweka mipaka pia: hakuna kulima ndani ya mita 10 za mto mkubwa wala mita 50 za ziwa.

Tunapenda matokeo, hatupendi njia yote. Familia zilizoishi kwa mare ile zilipoteza mboga, malisho na majani ya kusuka kwa siku moja. Ukifunga mlango kwa nguvu bila kuonyesha dirisha, anayelipa ni maskini. Kwa Kivu yetu, ambapo hakuna atakayekuja kulipa fidia, ni afadhali koperative ikate mpaka yenyewe kabla maji hayajakata.

Na pale maji yanapokuwa na chumvi

Mwanachama wa Luvungi au Sange, mu bonde la Ruzizi, atasema hayo ni ya watu wa baridi. Lakini sheria ni ileile, imeongezwa kitu kimoja tu. Ruzizi inashuka kutoka mita 1,460 hivi kwenye Ziwa Kivu mpaka kama 770 kwenye Tanganyika, inapita mu makorongo, kisha bonde linafunguka: joto, mpunga, na mahali pengine udongo wenye chumvi. Huko ukiona kiwanja chenye nyasi fupi, ngumu, zilizosambaa peke yake, na uso wa udongo uko na unga mweupe, usifikiri ni udongo mpya uliosahauliwa na wengine. Mimea mingine imekataa hapo. Ukimwagilia bila mtaro wa kutolea maji, chumvi inapanda zaidi.

Mwishoni kabisa, karibu na Uvira, delta ya Ruzizi ina matete, mafunjo na tifa, na upande wa Burundi imehifadhiwa na kuandikwa Ramsar tangu 2002. Tanganyika ikipanda, kama 2024 ilivyoingia mu nyumba za Uvira na za Gatumba, mimea hiyo inasimama mu maji bila kufa. Nyumba haiwezi.

Walio na ujuzi wa muda mrefu juu ya chumvi ni wakulima wa delta ya Rufiji, Tanzania, mahali mto unapoingia baharini. Kwetu ziwa linapanda na kushuka kwa miezi. Huko bahari inajaa na kupwa mara mbili kila siku, inasukuma maji ya mto kurudi nyuma, kisha inayaachia. Basi mimea inajipanga kwa maji na kwa chumvi pamoja. Mbele ya bahari kuna mlilana, kisha mkoko wenye mizizi kama miguu ya buibui, ndani zaidi mkandaa na mchu. Ukipanda mto, ambapo maji ni karibu matamu, unakuta msikundazi, na mbele zaidi mikindu na matete. Wakati wa masika mto unajaa na kusukuma chumvi nje, na watu wanapanda mpunga mahali walipokata mikoko. Bahari yenyewe inawapandishia maji matamu mpaka shambani, bila pampu. Ni akili kubwa. Lakini baada ya miaka michache magugu yanazidi, kaa wanakata miche, na mkulima anafungua msitu mwingine. Na udongo wa mikoko ukikaushwa kabisa unageuka mkali sawa na siki, hauzai kitu.

Tumewataja kwa sababu wao na sisi tunauliza swali moja: nani atalipa gharama ya kuacha sehemu bila kulima?

Bwasa

Hapa ndipo maneno mazuri ya wataalamu yanakwama. Mu Bushi mtu mwenye kalinzi anajua udongo utarithiwa na watoto wake. Alimpa mkubwa wa udongo ng'ombe au mali nyingine, na haki hiyo inadumu. Lakini wengi wanaolima mare, na hasa wamama, wako kwa bwasa: wanakodi kipande kwa sezoni moja, labda mbili, na hawana ruhusa ya kupanda miti wala kitu cha kudumu. Karatasi za Serikali zinasema tangu sheria ya Julai 1973 kwamba udongo ni wa Serikali. Mu bonde, mwenye neno ni yule anayepokea bwasa.

Mwambie mama wa bwasa aache mita 5 za mafunjo kando ya mto. Tuhesabu pamoja. Kipande chake kikiwa na mita 100 za kingo, mita 5 ni ari 5. Kwa mashu ya nafasi ya sentimita 50 kwa 50, hizo ni shimo 2,000. Amelipa bwasa kwa kila hatua, na mwaka kesho kipande kinaweza kupewa mtu mwingine. Atakubali kwa nini? Mafunjo atakayochunga yatamnywesha jirani wa chini. Hata sisi tungelima mpaka kwenye maji.

Kwa hiyo hatuoni faida ya kuhubiria mtu mmoja mmoja. Ukanda unapaswa kuwa wa koperative nzima, na kuna njia inayofaa. Vipande visigawanywe kwa kufuata mto, ambapo mmoja anapata kingo ndefu na mwingine hana hata hatua. Vigawanywe kwa kushuka: virefu, vyembamba, kutoka pembeni ya bonde mpaka kwenye ukanda. Kila mwanachama anapata kidogo cha sangari, kidogo cha ndago, na anaacha kidogo cha mafunjo. Mwenye upana wa mita 10 anaacha mita 50 za mraba, si ari 5. Na bwasa ijadiliwe na kamati kwa pamoja, kwa maandishi, kwa miaka mitatu au zaidi, mbele ya mwenye udongo na shefu wa kijiji, huku ukanda ukiondolewa kwenye hesabu ya malipo. Mwenye udongo naye anafaidi: mare iliyokauka haikodishwi mwezi wa nane.

Ukanda wenyewe si wa kutazamwa tu. Mafunjo yanasukwa mikeka, yanaezeka, yanafunga mizigo; matete machanga na nyasi laini ni malisho. Lakini hayafiki bei ya mashu 2,000, na atakayewaambia yanafika anawadanganya. Faida yake iko kwenye mashu yaliyobaki, kwamba yatapata maji mpaka mwisho.

Kabla ya kuchimba mwezi wa sita

Tembeeni mare nzima mkiwa na wazee wanaokumbuka maji yalifika wapi miaka ya nyuma. Wekeni vijiti pale sangari inapokwisha, pale ndago zinapokwisha, na pale mafunjo yanapoanza. Mitaro iwe mifupi na isiingie moja kwa moja mu mto. Iishie kwenye mafunjo, ili tope libaki huko. Mu kila mtaro wekeni kizuizi cha mifuko ya udongo, mkifungue wakati wa mvua na kukifunga mwezi wa saba, maji yabaki kama sentimita 40 au 50 chini ya uso wa shamba. Chimba shimo dogo upime kwa kijiti kila juma; mtoto wa shule anaweza kazi hiyo.

Wachimba matofali wapewe sehemu moja iliyokwisha kuharibika, na mashimo yao yageuzwe mabwawa ya samaki badala ya kuachwa wazi. Mikaratusi isipandwe pembeni ya mare, maana inakunywa kuliko ng'ombe wote wa kijiji. Juu, kwenye mteremko, mistari ya setaria au tripsakumu itazuia udongo usije kuziba kazi yenu.

Na mafunjo mkiyakata kwa mikeka, kateni kipande kimoja kwa zamu na kukiacha mwaka mzima kabla ya kurudi. Tumieni panga, juu ya maji, msing'oe vigogo vya chini: ndivyo vinavyoota tena.